Mtu Mzima Naye Acheze

Katika nchi ya Buhaya, pande za Bukoba na Muleba, upo msimu mmoja unaowageuza watu wazima kuwa watoto. Ndio msimu wa senene. Mvua za vuli zikiisha kukolea, hasa mwezi wa Novemba, wadudu hao wa kijani na wa kahawia hushuka kwa makundi makubwa, wakatua juu ya nyasi na migomba na kuzunguka kila penye taa. Hapo utamwona bibi mwenye wajukuu akikimbia na kikapu mkononi. Utamwona karani, mtu wa heshima zake, akiinama kando ya njia na kukamata senene mmoja kwa vidole viwili, kama mtoto wa miaka saba. Mtu huteleza akaanguka, wenzake humcheka, naye hujicheka mwenyewe. Hakuna amwulizaye, Je, bwana, huoni aibu?

Kisha msimu hupita. Senene hukaangwa, wakaliwa, wengine wakatumwa kama zawadi kwa ndugu walio Dar es Salaam na Mwanza. Naye karani huuvaa tena uso wake wa kila siku. Bibi huketi tena barazani. Kicheko hufungwa mahali fulani, mithili ya nguo ya sikukuu, kingoje mwaka mwingine.

Wasomaji wapenzi, jambo hilo limetufanya tujiulize swali, nalo ndilo tunalotaka kuliweka mbele yenu juma hili. Kwa nini mtu mzima angoje senene ndipo apate ruhusa ya kukimbia na kucheka? Na ule moyo wa mtoto, uliojua kufanya mpira kwa majani makavu ya mgomba na gari kwa vijiti, umekwenda wapi? Umekufa, au umelala tu?

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, lisilostahili ukurasa huu. Hatuwalaumu, maana sisi wenyewe twaishi katika shughuli nyingi. Walakini tukumbuke kwamba siku moja mitume walimwuliza Bwana wetu swali kubwa sana: ni nani aliye mkuu katika ufalme wa mbinguni? Mwinjili Mathayo atuambia kwamba Bwana hakuwajibu kwanza kwa maneno. Alimwita mtoto, akamsimamisha katikati yao. Ndipo akawafundisha kwamba asiyegeuka na kuwa kama watoto hataingia katika ufalme huo. Basi mtoto si jambo dogo. Bwana alimweka katikati, mahali ambapo mitume walitaka kujiweka wao wenyewe.

Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili yanayofanana kwa jina tu. Mtume Paulo awaandikia Wakorinto kwamba alipokuwa mtu mzima aliyaacha mambo ya kitoto. Je, Mtume ampinga Bwana wake? La hasha! Yapo mambo ya kitoto, na upo moyo wa mtoto. Mambo ya kitoto ni kununa usipopewa, kugombania kilicho kikubwa, kulia ukishindwa, kumtupia mwenzako lawama. Hayo mtu mzima ayaache. Na pengine tungepima vizuri, tungeona kwamba hayo ndiyo tuliyoyahifadhi. Moyo wa mtoto ni kitu kingine. Ni kumtegemea baba bila mashaka, ni kustaajabu, ni kujaribu jambo pasipo kuogopa kuchekwa, ni kufanya kitu kwa kuwa ni kizuri, si kwa kuwa kitauzwa. Huo ndio tuliouacha njiani, tukadhani tumekomaa.

Tena moyo huo si ugeni katika mafundisho ya Kanisa. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 8, chaionyesha Hekima ikiwa mbele ya Mungu wakati mbingu na nchi zilipokuwa zikifanywa, nayo ilikuwa ikicheza mbele zake na kufurahi pamoja na wanadamu. Mtu asomaye hayo hushangaa. Bahari yawekewa mipaka, milima yasimikwa, na katikati ya kazi hiyo kubwa kupita zote mna mchezo na furaha! Mwenyezi Mungu hakuuumba ulimwengu kwa kununa. Tazama rangi za ndege walio ufukoni mwa Ziwa Viktoria, utasadiki. Nasi tumeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu huyo. Mtu atungaye, achongaye, asukaye, apangaye bustani yake ipendeze, atimiza jambo la asili yake. Mwenye kujizuia daima asifanye lolote la namna hiyo ajinyima sehemu ya ubinadamu wake.

Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa, alilijadili jambo hili katika kitabu chake kiitwacho Summa Theologiae. Asema kwamba kama mwili unavyochoka ukahitaji kulala, roho nayo huchoka ikahitaji burudiko lake, na burudiko hilo ni mchezo na maneno ya kuchangamsha. Aiita hali ya kucheza kwa kiasi kuwa ni fadhila. Aongeza neno litakalowashtua wengi: mtu asiyechangamka kamwe, wala asiyevumilia wengine wachangamke, ana kosa, maana awalemea wenzake. Tena asimulia habari aliyoirithi kwa wazee wa jangwani, kwamba watu walikwazika kumwona Mtakatifu Yohane Mwinjili akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwomba mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale; naye akapiga mingi. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndipo Mtakatifu akamwambia kwamba ndivyo ilivyo roho ya mtu isiyolegezwa hata mara moja.

Wangapi kati yetu ni pinde zilizokwisha kupasuka, na bado twavuta kamba?

Mtakatifu Yohane Bosco, aliyefariki mwaka 1888, alipokuwa kijana alijifunza kutembea juu ya kamba na kurusha vitu hewani kwa mikono, akawavuta watoto wa kijijini kwake kwa michezo hiyo, kisha akasali nao. Alipokuwa padre hakuuacha moyo huo. Ulikuwa ndio mlango wa kuwaingilia vijana maskini wa Turin. Na Padre Romano Guardini, katika kitabu chake juu ya roho ya liturujia kilichotoka mwaka 1918, alifundisha kwamba hata ibada takatifu yafanana na mchezo wa watoto na kazi ya msanii. Mavazi yale, nyimbo zile, mwendo ule wa taratibu mbele ya altare havina faida ya kuhesabika sokoni. Ni mchezo mtakatifu mbele ya Baba. Asiyejua kucheza hata kidogo atakuwa na taabu ya kujua kuabudu. Atakuwa akitazama saa.

Labda mtasema: Hayo ni mambo ya watakatifu na ya Ulaya, sisi tuna makamba ya kahawa ya kupalilia, na mnyauko umeingia migombani. Basi turudi Buhaya, tuwatazame wazee wa huko.

Babu zao walikuwa wafua chuma mashuhuri. Karibu na Kemondo, na huko Katuruka, kusini ya mji wa Bukoba, yamechimbuliwa mabaki ya matanuri ambayo watu walikuwa wakiyeyushia chuma yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Lakini majembe ya kiwandani yalipoanza kuletwa kwa bei nafuu kutoka ng'ambo, matanuri yalizimwa, na vijana wakaenda kwenye kahawa na kwenye kazi za mshahara. Miaka ikapita hamsini na zaidi. Mwaka 1976, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliwaomba wazee wa Kihaya walioishika kazi hiyo wakiwa vijana, waijenge upya tanuri na kuyeyusha chuma kama zamani.

Fikirini, wasomaji wapenzi, ombi hilo. Hao walikuwa watu wa makamo makubwa, watu wa kusalimiwa kwa kupigiwa magoti. Walikuwa na haki ya kusema: Hayo yamepita, tuacheni tupumzike. Badala yake walifanya nini? Walitwaa udongo wa kichuguu, wakaukanda na kuufinyanga. Wakachimba shimo na kuchoma ndani yake majani ya bwawani. Wakajenga tanuri na kuweka mirija ya udongo ya kupitishia hewa. Wakatia makaa na mawe ya chuma, wakavuta mivukuto. Mengine mikono iliyakumbuka yenyewe; mengine walilazimika kuyatafuta, wakijaribu, wakirekebisha, wakijaribu tena, kama watoto wajengao nyumba kwa mchanga, ikabomoka, wakaanza upya bila kukata tamaa. Na chuma kikapatikana. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika habari hizo katika jarida la Science, na ulimwengu ukasoma jinsi tanuri za Wahaya zilivyopata joto kali ajabu, kwa kuwa hewa ilipashwa moto ndani ya ile mirija kabla haijayafikia makaa.

Wataalamu walitazama joto na madini. Sisi twaitazama ile mikono ya wazee ndani ya udongo. Hatusemi kwamba walikuwa wakipoteza wakati. Kazi yao ilikuwa ya akili nyingi. Lakini twasema hivi: kama wasingekubali kuonekana wakihangaika na tope mbele ya watoto wa kijiji, kama wasingekubali kushindwa leo ili wajaribu kesho, ujuzi ule wa miaka elfu ungezikwa pamoja nao. Wahenga walisema utu uzima dawa. Naam, lakini dawa ikifungiwa kisandukuni haimponyi mtu. Nacho tulichokidhani kimekufa ndani yetu, mara nyingi kimelala tu, chatungoja tuweke magoti chini na mikono udongoni.

Lakini yatupasa kusema pia juu ya wale ambao moyo wa mtoto haukulala kwa hiari yao, bali walipokonywa. Hapo ndipo neno letu la leo lina uzito wake hasa.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wa Kagera mwaka 1983. Yaliyofuata katika vijiji vya Bukoba na Muleba hayahitaji kusimuliwa kwa waliokuwako. Migomba ilibaki bila mwenye kuipalilia. Mabibi waliowazika watoto wao walianza upya kulea, wakati walipotazamia kulelewa. Na zilikuwako nyumba ambazo hata bibi hakuwamo, mkubwa wa nyumba akiwa ni mtoto. Dawa zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Zimewaokoa wengi, na twamshukuru Mungu. Lakini hazikuweza kurudisha miaka.

Tumfikirie msichana aliyekuwa na umri wa miaka 12 mwaka 1990, mwenye wadogo watatu. Aliamka kabla ya jua, akachota maji, akapika ndizi, akawaosha wadogo zake. Wenziwe walipomwita kuruka kamba alijibu kwamba ana kazi. Usiku alihesabu chumvi iliyobaki. Hakuwa mtoto, wala hakuwa mama. Alikuwa mtu asiye na umri. Leo ana nywele za mvi. Wadogo zake wamekua kwa jasho lake, na mmoja pengine ni mwalimu. Watu wamsifu kwamba ni hodari, naye ni hodari kweli. Lakini wajukuu wakimvuta kanga wakitaka acheze nao, hajui la kufanya. Mwili wake wakakamaa. Awaambia: Nendeni mkacheze. Huenda hata yeye hajui kwa nini sauti yake imekuwa kali.

Watu wa namna hiyo wako wengi Kagera, na wako katika kila jimbo la nchi yetu. Wengine ni wazazi wa familia zinazosoma gazeti hili. Twawaambia kwa mapendo: ninyi hamkukosea. Mlibeba msalaba uliokuwa mkubwa kuliko mabega yenu, na Bwana aliyewapenda watoto aliwaona. Sasa mnayo ruhusa ya kuutua. Kicheko hakiwakosei heshima marehemu. Baba na mama waliolala kaburini katikati ya migomba hawakutaka mtoto wao akae matanga maisha yake yote.

Huko Nshamba, wilayani Muleba, ilianzishwa kazi ya kuwasaidia mayatima iliyoitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kuliwaza. Jina hilo ni fundisho tosha. Walioianza walitambua kwamba yatima hahitaji chakula na sare ya shule peke yake; moyo wake nao unahitaji kutunzwa. Na mayatima wenyewe, walipopata nguvu, waliunda chama chao, wakakiita Vijana Simama Imara, wakasaidiana wao kwa wao. Basi tunajua yawezekana. Mtu aliyevunjika aweza kuliwazwa, na aliyeliwazwa aweza kusimama.

Tena mkoa huu umepata mapigo mengine: vita ya mwaka 1978 na 1979, meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, tetemeko la nchi la tarehe 10 Septemba 2016. Watu waliopita katika mambo kama hayo huweza kudhani kwamba uzito wa moyo ndio utu uzima, na kwamba anayecheka amesahau. Sivyo. Mwenye kusahau ni yule aliyekata tamaa, maana amesahau ahadi za Mungu.

Nasi katika Kanisa tukiri kwa unyenyekevu kwamba wakati mwingine tuliogopa. Wamisionari walipofungua misioni ya Kashozi mwaka 1892, na katika miaka mingi iliyofuata, ngoma na vyombo vya asili vilitazamwa kwa mashaka katika misioni nyingi za Afrika, kwa sababu vilikuwa vimefungamana na matambiko. Tusiwahukumu kwa wepesi. Walileta imani kwa jasho na kwa makaburi yao. Lakini twajua kilichopotea. Wahaya wana enanga, kinanda cha nyuzi kilichochongwa katika mti, ambacho mpigaji wake husimulia kwacho tenzi ndefu za wafalme na mashujaa. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya kazi kubwa ya kuzikusanya na kuzieleza tenzi hizo. Ni watoto wangapi wa Kikristu waliokua bila kukigusa chombo hicho, wakidhani ni dhambi?

Padre Stephen Mbunga, mwana wa nchi hii, alitunga Misa Baba Yetu kwa sauti za Kiafrika hata kabla Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano haujamaliza kazi yake. Na Mtaguso wenyewe, katika Hati juu ya Liturujia Takatifu ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake na nafasi yake katika ibada. Leo ngoma yalia wakati wa Utukufu, na akina mama hupeleka vipaji altareni wakicheza. Je, imani imepungua? Mfalme Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Agano. Mikali, binti Sauli, alimtazama kutoka dirishani akamdharau moyoni mwake. Maandiko hayakumsifu aliyekaa dirishani.

Neno moja la kuonya. Si kila kinachoitwa mchezo ni mchezo. Siku hizi vijana wetu, na wazee nao, huketi mchana kutwa wakitazama simu, wakiweka fedha kwa matokeo ya mpira unaochezwa nchi za mbali. Wao wenyewe hawagusi mpira. Hiyo ni kamari. Mchezo wa kweli humrudisha mtu nyumbani na moyo mwepesi. Kamari humrudisha na mfuko mwepesi na moyo mzito. Kadhalika kicheko cha kilabuni, kinachonunuliwa kwa fedha ya daftari za watoto, hakina undugu na kicheko tunachokisema. Mtoto huchangamka akiwa na akili zake timamu. Alama ya mchezo ulio wa Mungu ni hii: kesho yake huoni haya, wala hakuna aliyelia kwa ajili yako.

Basi tufanye nini? Hatuna mengi ya kuagiza.

Kwanza, wazazi, Dominika iwe na nafasi yake. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, akaitazama kazi yake. Baba akirudi kutoka Misa asiketi peke yake na redio. Akae chini na watoto, wamfundishe mchezo wao, akubali kushindwa. Mtoto aliyemwona baba yake akishindwa na kucheka, amefundishwa unyenyekevu kuliko kwa mahubiri matano.

Pili, kila mtu aitafute kazi ya mikono au ya sauti aliyoipenda utotoni, akaiacha. Aliyekuwa akichora, achore. Aliyekuwa akisuka vikapu vya ukili kwa nakshi, asuke kimoja kisichokuwa cha kuuza. Aliyekuwa akiimba, aende kwenye kwaya, hata kama sauti imekwaruza. Msiulize, Kitanipatia nini? Ulizeni tu kama mnakifanya kwa mapendo.

Tatu, wazee waketi tena jioni na kusimulia hadithi. Kwa desturi ya Wahaya, msimulizi huanza kwa kusema kwamba alikuja akaona, nao wasikilizaji humjibu: aone, ili nao wapate kuona. Hakuna jina zuri kuliko hilo la kazi ya msanii, wala la kazi ya mzazi. Mzee asipoona kwa ajili ya wajukuu wake, nani atawaonea?

Nne, maparoko na viongozi wa jumuiya ndogondogo: ukumbi wa parokia usifunguliwe kwa mikutano ya michango peke yake. Uwe na jioni moja ya bao, ya ngoma, ya mashairi, ya maigizo ya Maandiko Matakatifu, ambamo wakubwa na wadogo wako pamoja. Na pale wanapojulikana waliolelewa bila wazazi, waalikwe kwanza, wala wasiketishwe kama wageni wa heshima. Wapewe kazi ya kufanya. Mwenye kupewa ngoma mkononi hana nafasi ya kukaa pembeni na huzuni yake.

Mtu atauliza: Na kama sijui tena? Na kama nimekakamaa kabisa? Ndugu, wale wazee wa mwaka 1976 nao walikuwa hawajagusa tanuri kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wenu. Anza vibaya. Mtoto huanza vibaya kila jambo, kutembea na kusema pia, wala Baba wa mbinguni hakumcheka hata mmoja kwa dharau. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu, alifika utakatifu kwa njia hiyo ndogo ya kujikubali kuwa mdogo na kunyosha mikono abebwe.

Nabii Zakaria aliona Yerusalemu baada ya maangamizi na uhamisho. Watu walikuwa wamerudi kwenye magofu. Alipotaka kuwaonyesha jinsi mji utakavyokuwa Mungu akiisha kuuponya, hakuwataja askari wala hazina. Aliwataja wazee, wanaume kwa wanawake, wakiketi katika njia za mji, kila mtu na mkongojo wake kwa sababu ya wingi wa siku zake. Na njia hizo hizo zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Hiyo ndiyo picha ya mji uliosamehewa na kuponywa. Wazee wako hai, na watoto wanacheza, mahali pamoja.

Twawatakia hayo watu wa Bukoba na Muleba, na kila familia inayosoma gazeti hili. Msimu wa senene utakuja tena, kwa rehema za Mungu. Bibi atakimbia na kikapu chake, na karani atainama njiani. Safari hii, msimu ukipita, wasiufunge tena ule moyo. Bwana aliyemweka mtoto katikati ya mitume amweke mtoto huyo katikati ya nyumba zetu, na katikati ya vifua vyetu vilivyochoka, atufundishe njia ya kwenda kwa Baba. Amina.